Maswali ya Wasomaji: Kilimia kwenye karatasi, na mengine ya kozi ya nyota

Muhula umeanza na barua zimefuata, nyingi zikitoka kwa wanafunzi wa fizikia wanaochukua kozi ya nyota kwa mara ya kwanza. Ile ya Eldoret tumeipa nafasi kubwa kwa makusudi, kwa sababu makosa yaliyomo humo humpata karibu kila anayeshika data za Gaia, chombo cha angani kilichopima umbali na mwendo wa nyota, bila kuelekezwa.

Wahariri, habari za kazi. Niko mwaka wa tatu. Tumepewa zoezi la kuchora mchoro wa Hertzsprung–Russell (rangi ya nyota dhidi ya mng'ao wake) wa Kilimia, yaani fungunyota la Pleiades, kwa data za chombo cha Gaia. Nimepakua nyota zote zilizo ndani ya nyuzi 2 kutoka katikati ya fungunyota, nikafuta zenye paralaksi hasi (paralaksi ni pembe ndogo inayotupa umbali wa nyota) kwa kuwa umbali hasi haupo, kisha nikakokotoa magnitudo halisi, yaani mng'ao wa nyota kama ingekuwa parseki 10 kutoka kwetu. Nyota moja ya magnitudo 5 ambayo jibu lake ni karibu −0.7, mimi napata 14.3. Na mchoro wenyewe ni kama maharage yaliyomwagika sakafuni, safu kuu, ule mstari wa nyota za kawaida, haionekani. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Eldoret)

Una makosa mawili, na halihusiani moja na jingine.

Anza na namba. Kutoka −0.7 hadi 14.3 ni 15 kamili, na 15 ni 5 mara logi ya 1,000. Kwa hiyo kuna elfu imepotea njiani. Gaia huandika paralaksi kwa milisekunde za tao, ilhali fomula ya vitabuni, M = m + 5 + 5 log p, inataka sekunde za tao. Gawanya kwanza kwa 1,000, au tumia fomula iliyokwisha kurekebishwa: M = m − 10 + 5 log p, p ikiwa kwa milisekunde. Ijaribu kwa mkono kabla ya kuiachia kompyuta. Paralaksi ya Kilimia ni karibu 7.36, logi yake ni 0.867, mara 5 ni 4.33, ukitoa 10 unabaki na −5.67. Nyota ya magnitudo 5 inatoka −0.67, na hilo ndilo jibu lako.

Tofauti isipokuwa 15, mshukiwa wa pili ni aina ya logi. Katika Python, np.log ni logi asilia. Unayoitaka ni np.log10. Kwenye Excel, LOG ni ya kumi na LN ndiyo asilia, na wanaohama kutoka programu moja kwenda nyingine hujikwaa hapo. Kwa logi asilia nyota yako ingetoka −14.6, mng'ao unaokaribia ule wa supanova. Jibu la namna hiyo lisivuke meza yako bila kuulizwa.

Sasa maharage. Ndani ya duara lako la nyuzi 2, nyota za Kilimia ni wachache katikati ya umati. Gaia iliona hadi karibu magnitudo 21, na nyuma ya Kilimia kuna maelfu kwa maelfu ya nyota za mbali ambazo paralaksi zake ni ndogo kuliko kosa la kipimo chenyewe. Ukizitia kwenye fomula, magnitudo halisi zinazotoka ni bahati nasibu tu. Lazima uchuje, na kichujio chenye nguvu kuliko vyote si umbali bali mwendo. Nyota za fungunyota moja huhama pamoja angani. Za Kilimia huenda karibu milisekunde 20 kwa mwaka upande wa mashariki na 45 upande wa kusini. Chora pmra (mwendo wa mashariki) dhidi ya pmdec (mwendo wa kaskazini) kabla ya kitu kingine chochote. Utaona lundo kubwa karibu na sifuri, ambazo ni nyota za mbali, na kirundo kidogo kilichojitenga karibu na (20, −45). Hicho kirundo ndicho Kilimia. Zungushia duara la nusu kipenyo 6 na uache mengine.

Baada ya hapo ndipo paralaksi: kati ya 6.7 na 8.0, na iwe angalau mara 10 ya kosa lake. Kwa lugha ya ADQL, ambayo hifadhi ya Gaia na programu ya bure ya TOPCAT zote huielewa, ombi lako liwe hivi:

SELECT source_id, ra, dec, parallax, pmra, pmdec, phot_g_mean_mag, bp_rp, ruwe
FROM gaiadr3.gaia_source
WHERE 1 = CONTAINS(POINT(ra, dec), CIRCLE(56.75, 24.12, 2))
AND parallax BETWEEN 6.7 AND 8.0
AND parallax_over_error > 10
AND POWER(pmra − 20, 2) + POWER(pmdec + 45, 2) < 36

Andika alama ya kutoa kwa kibodi, usiinakili kutoka gazetini. Alama ndefu ya wachapishaji hukataliwa na hifadhi. Zoezi likishakubali, panua duara hadi nyuzi 5. Kwa umbali wa Kilimia, nyuzi 2 ni chini kidogo ya parseki 5 tu, na fungunyota lenyewe linatandaa zaidi ya hapo.

Kwenye mchoro weka bp_rp, ambayo ni rangi ya nyota, mlalo na magnitudo halisi wima, kisha ugeuze mhimili wa wima ili namba ndogo ziwe juu. Katika TOPCAT ni kisanduku cha Y Flip. Katika Python ni invert_yaxis(). Usipogeuza, nyota angavu zitakuwa chini na msahihishaji hatasoma zaidi. Ukifanya sawasawa utaona mstari mmoja mwembamba ukishuka kutoka juu kushoto, rangi karibu na 0, hadi chini kulia, rangi karibu na 3 na magnitudo 11 au 12. Usitafute majitu mekundu. Kilimia bado ni kichanga, umri wake ni zaidi kidogo ya miaka milioni 100, na hakina hata moja. Ukiona kitone kimoja cha pekee chini kushoto, usikifute ukidhani ni uchafu. Huenda ni LB 1497, kibete cheupe cha Kilimia, na kukitaja kwenye ripoti kutakupa alama.

Kuna sehemu mbili ambazo mstari utaharibika bila kosa lako. Juu kabisa nyota zitapungua kwa sababu Gaia ilipofuka kwa nyota angavu kupita magnitudo 3, na Alcyone ni 2.87. Chini kabisa, nyota nyekundu hafifu huchepuka kushoto kana kwamba ni za buluu zaidi. Hiyo ni hitilafu inayojulikana ya kipimo cha chujio la buluu: mwanga ukiwa kidogo mno, kipimo hutoka kikubwa kuliko haki yake. Zikate zote zinazozidi magnitudo 20 kwa chujio hilo na useme kwenye ripoti kwamba umezikata.

Tukimalizia paralaksi hasi: ni kweli umbali hasi haupo, lakini kipimo hasi kipo. Nyota ya mbali sana yenye paralaksi ya kweli 0.05 na kosa la 0.3 itasomeka hasi mara nyingi tu. Kwa zoezi lako haidhuru, kwani kichujio cha 6.7 hadi 8.0 kinaziondoa zote. Lakini ukija kutafuta wastani wa kundi la mbali, kufuta zilizo hasi na kubakiza zilizo chanya kutaleta wastani mkubwa kuliko ukweli, na kundi litaonekana karibu kuliko lilivyo.

Nyota mbili zinazozungukana, kila moja ina magnitudo 5. Swali lilitaka magnitudo ya jumla. Mimi nikaandika 10, mwenzangu akaandika 5 kwa kuchukua wastani. Wote tumekosa. (Wawili wa mwaka wa pili, Dar es Salaam)

Magnitudo ni logi, na logi hazijumlishwi wala hazitafutiwi wastani. Kinachojumlishwa ni mwanga. Mwanga ukiwa mara 2, magnitudo hupungua kwa 2.5 × log 2, yaani 0.75. Jibu ni 4.25. Kumi yako ilikuwa mbaya kuliko ya mwenzako, kwa sababu ilifanya nyota mbili ziwe hafifu kuliko moja.

Zisipolingana, geuza kila moja iwe mwanga kwanza. Kwa 5.0 na 7.0, ya pili ina mwanga wa 10 kipeo −0.8, sawa na 0.158 ya mwanga wa kwanza. Jumla ni 1.158, ambayo ni angavu kuliko 5.0 kwa magnitudo 0.16, hivyo jibu ni 4.84.

Mwenzenu wa Eldoret naye alisome hili. Juu ya safu kuu ya Kilimia, umbali wa takriban 0.75, atakuta vitone vimejipanga sambamba na mstari. Hizo ni nyota pacha ambazo Gaia imeziona kama moja. Wahadhiri wengi huagiza wanafunzi waweke, kwa safu ya ruwe inayoonyesha jinsi vipimo vinavyolingana na nyota moja, sharti la ruwe < 1.4, na ni sharti zuri kwa kusafisha vipimo, lakini huondoa baadhi ya pacha hizo hizo. Ukiulizwa pacha ni asilimia ngapi halafu ukaweka sharti hilo, umeshajikata jibu mwenyewe.

Kitabu cha maktabani kinasema Kilimia kiko parseki 118. Mhadhiri anasema 136. Niandike lipi kwenye mtihani? (Mwanafunzi, Mwanza)

Andika 136. Ile 118 ni ya chombo cha Hipparcos, kilichorushwa mwaka 1989 na orodha yake kutoka 1997. Tatizo halikuwa dogo: kwa umbali huo nyota zote za Kilimia zingekuwa hafifu kwa karibu magnitudo 0.3 kuliko nadharia ya safu kuu inavyotaka, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Kipimo cha darubini za redio zilizounganishwa, mwaka 2014, kilirudi na 136, na Gaia ikaja kukubaliana nacho. Nadharia ilikuwa salama. Kitabu usikitupe, ila angalia mwaka wa kuchapishwa kabla ya kunukuu umbali wowote.

Kama nyota za daraja la O ndizo zenye joto zaidi, mbona mistari ya hidrojeni ina nguvu zaidi kwenye nyota za daraja la A? Nimejaribu kukokotoa kwa fomula ya Boltzmann, kikokotoo kinatoa sifuri. (Mwanafunzi, Kampala)

Sifuri kwanza. Umeweka nishati kwa elektroni-volti na kiwango kisichobadilika cha Boltzmann kwa jouli. Tumia k = 8.617 × 10⁻⁵ eV kwa kila kelvini na sifuri itaondoka.

Mistari ya Balmer, ile inayoonekana kwa macho, hutokea pale atomu ya hidrojeni iliyo ngazi ya 2 inapomeza mwanga. Kufika ngazi hiyo kunahitaji eV 10.2. Uwiano wa atomu za ngazi ya 2 kwa zile za ngazi ya 1 ni 4 × e kipeo −10.2/kT. Hiyo 4 inatokana na 2n², yaani 8 kwa 2, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Kwenye Jua, kelvini 5,800, unapata takriban 5.5 × 10⁻⁹: atomu 1 katika milioni 180. Kwenye nyota ya kelvini 10,000 unapata 2.9 × 10⁻⁵, mara elfu 5 zaidi.

Kwa Boltzmann peke yake mistari ingeendelea kukua hadi nyota za O. Kinachoikatisha ni mlinganyo wa Saha wa mwaka 1920. Joto likipanda, atomu hupoteza elektroni yake kabisa, na hidrojeni isiyo na elektroni haina mstari wa kuchora. Kwa shinikizo la elektroni la paskali 20, nusu ya hidrojeni imeshapoteza elektroni ifikapo karibu kelvini 9,600. Kilele cha Balmer hukaa hapo hapo, jirani na kelvini 10,000, ambako ndiko nyota za A0 kama Vega ziliko.

Wengi hushangaa: kT kwa joto hilo ni eV 0.86 tu, iweje atomu inayohitaji 13.6 ivunjike? Kwa sababu gesi ya angahewa ya nyota ni nyembamba mno. Elektroni ikishatoka, ina nafasi chungu nzima za kuwa huru na ni shida kukutana na protoni ya kuirudia. Ndiyo maana shinikizo la elektroni limo ndani ya mlinganyo, na ndiyo maana nyota jitu na nyota ya safu kuu zenye joto sawa hazina spektra sawa. Mtihani ukikupa shinikizo, si pambo.

Jambo moja la kuongezea, maana huulizwa. Kwenye Jua mistari ya kalsiamu ni minene kuliko ya hidrojeni, ingawa kuna atomu za hidrojeni kama laki 5 kwa kila moja ya kalsiamu. Karibu kalsiamu yote imepoteza elektroni moja na iko ngazi ya chini kabisa, tayari kumeza mwanga, wakati hidrojeni inasubiri ile moja katika milioni 180. Cecilia Payne alilifanyia hesabu hilo katika tasnifu yake ya 1925, na hesabu zake zikaonyesha kwamba nyota ni hidrojeni kwa sehemu kubwa.

Chuo chetu hakina darubini. Tunaweza kufanya vitendo gani vya maana kwa kamera ya kawaida? Tulijaribu kupiga nyota inayobadilika mng'ao kila Jumamosi kwa wiki 10, haikubadilika. (Klabu ya wanafunzi, Dodoma)

Hamkutaja nyota, lakini kwa maelezo hayo tunabahatisha kuwa ni Eta Aquilae. Kipindi chake ni siku 7.18. Mkiipiga kila baada ya siku 7 mnaikuta karibu pale pale kwenye mzunguko wake: kila wiki inasogea saa 4 na dakika chache tu, na kwa wiki 10 mmeona robo ya mzunguko. Pigeni usiku 8 mfululizo, mchoro utajitokeza.

Chaguo lenyewe ni zuri sana kwa Dodoma. Iko nyuzi 8 hivi kusini mwa Altair, hupita karibu na utosini, na nyakati zake za jioni, Agosti hadi Oktoba, ni kiangazi. Hupanda na kushuka kati ya magnitudo 3.5 na 4.4.

Kamera iwe juu ya miguu mitatu, lenzi ya milimita 50, ISO 400, sekunde 5. Piga RAW, kamwe si JPEG, kwa kuwa JPEG hupinda uwiano wa mwanga ili picha ipendeze. Legeza fokasi kidogo hadi kila nyota iwe kiduara cha pikseli 8 hadi 10; nyota iliyokolea kwenye pikseli 2 hufurika au huangukia kati ya pikseli za rangi, na kipimo huyumba. Picha 20 kila usiku, na nyingine 10 ukiwa umefunika lenzi, za kutoa kelele ya kihisi. Tumia pikseli za kijani peke yake, ndizo zinazokaribiana na chujio la V.

Nyota ya kulinganishia iwe Beta Aquilae, magnitudo 3.71. Iko jirani na rangi yake haipishani sana na ya Eta. Ikiwa Eta imetoa hesabu 41,000 na Beta 50,000, uwiano ni 0.82, na −2.5 log 0.82 ni 0.22, Eta ni 3.93 usiku huo. Pima pia Delta Aquilae, 3.36, kama mlinzi: tofauti yake na Beta ikizidi au kupungua kwa zaidi ya 0.05 kutoka 0.35, kulikuwa na wingu jembamba na usiku huo hauhesabiki.

Mkishapata wastani, karibu 3.9, tumieni uhusiano wa kipindi na mng'ao: M = −2.43 (log P − 1) − 4.05. Unatoa −3.70. Ukikokotoa umbali moja kwa moja utapata parseki 331. Toa kwanza vumbi lililo njiani, takriban magnitudo 0.4, utapata 275. Ripoti nyingi huanguka hapo hapo.

Shikamooni. Binti yangu yuko kidato cha nne na anasema atasomea nyota. Je, achukue masomo gani, na kuna chuo huku kwetu? (Mzazi, Morogoro)

Marahaba, mzazi. Kidato cha tano achukue PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati). Kitakachombeba ni fizikia na hisabati. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya kwanza ya astronomia na astrofizikia. Njia nyingine, ambayo kwa maoni yetu humwachia milango mingi zaidi ya kazi, ni shahada ya fizikia ya kawaida, halafu NASSP, mpango wa Afrika Kusini wa masomo ya juu ya astrofizikia na sayansi ya anga, ulioanza mwaka 2003 na kupokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Wakati anasubiri matokeo ya kidato cha nne ajifunze Python. Kompyuta ya mkononi yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha, na data za Gaia hazilipiwi.